Kitufe cha Kushoto

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kwa Sengasu, shilingi hamsini dakika tano.
Kaseti ikigoma tunaipuliza kama uji wa moto,
vifaru vinarudi kubomoa matofali.

Kisha ukaja mpira. Nikamfunga Mhina saba,
umeme ukakatika,
akaapa hayahesabiki.
Ana mvi sasa. Bado anaapa.

Ule wa magari niliupenda zaidi
na sikuwahi kuumaliza:
nilikuwa naegesha kando
nitazame milima.

Siku hizi gemu zimo simuni,
bure, matangazo tele.
Mwanjaa, binti yangu, hunicheka
akiona dole gumba la kushoto
linapapasa kioo kitupu,
likitafuta kitufe kilichong'oka
tukabandika kizibo cha soda.