Mlango wa Ghorofa ya Juu

Tangazo lilikaa wiki sita pale stesheni ya Hull,
ukutani, kando ya mashine ya tikiti:
mlango mweusi, kitasa cha shaba,
na chini yake, kwa wino mwekundu,
USIPEPESE MACHO.
Kila alfajiri, nikitoka kufua mashuka ya hospitali,
niliupita mlango ule, na wallahi
ulikuwa unanitazama.

Mjomba, akasema Salha, Jumanne ni nusu bei.
Tukaenda, katika mvua ya mji ule
isiyoanguka bali hukusukuma ubavuni.
Ukumbi wa watu mia mbili, na sisi kumi na mmoja,
kila mtu na kisiwa chake cha viti vitupu.

Saa nzima, niseme haki,
saa nzima ilitukaba koo.
Mwanamke peke yake nyumbani.
Juu, nyayo. Tatu. Kimya. Tatu.
Maji ya bomba yakatoka na unywele.
Paka akagoma kupanda ngazi.
Bisi za Salha zilisimama katikati ya safari
baina ya ndoo na mdomo,
nami nimekunja vidole ndani ya viatu
kama mtu avukaye mto juu ya gogo.

Akapanda. Kidato cha tisa kikalia.
Akashika kitasa cha shaba,
akakizungusha

na giza likaingia.
Si giza la filamu. Mtambo ulikuwa umezimika.
Kijana mwenye tochi akaja: samahani, dakika tano.

Waingereza hawasemezani na wasiojuana,
lakini mlango ule ulikuwa umetutia kiwewe sote.
"Ni mumewe," alianza mzee wa safu ya mbele,
"yule aliyewaambia watu kwamba amemzika."
"Hata," akajibu bibi mwenye mfuko wa sufi,
sindano zake zikiendelea kufuma gizani,
"chumba ni kitupu. Nyayo ni zake mwenyewe,
za kesho."
Tukanyamaza. Za kesho!
Mtu nyuma yangu alishusha pumzi kama gurudumu.
Kijana wa tochi akasema ndani mna mlango mwingine,
na ndani ya huo mwingine, na hakupenda kuendelea.
Salha akasema: "Ni mama yake. Amekaa kitandani.
Anataka kuuliza tu, umekula?"

Nami nikaikumbuka stoo aliyoifunga baba, Tanga.
Tulivunja kufuli baada ya arobaini
tukakuta baiskeli mpya, haijawahi kuona njia,
na jina langu limeandikwa kwa rangi chini ya kiti.
Hilo sikulisema.
Nilisema, "Panya,"
wakacheka.

Kisha picha ikarudi, mlango ukafunguka,
na nyuma yake: pacha.
Pacha, jamani!
Ana kisu, lakini kabla ya kisu ana maelezo,
dakika ishirini za maelezo:
alilelewa wapi, alinyimwa nini, paka alijuaje,
unywele ni wa nani.
Mzee wa mbele akavaa kofia yake na kuondoka.
Halafu mwanamke akaamka kitandani, jasho jembamba:
kumbe ndoto.
Halafu, kwa tamaa ya sehemu ya pili, nyayo. Tatu.

Hadithi hadithi, walituambia, nasi tukaitika njoo.
Uongo ulikuja, tena na mizigo yake.
Utamu sijui uliteremka kituo gani.

Nje, bibi wa sufi alikuwa akingoja basi.
Hakuaga. Aliinua kidole tu, akaniambia,
"Za kesho," kama mtu anayenidai.

Usiku wa pili niliingia zamu, nikatoka.
Tangazo limekwisha kubanduliwa nusu,
kitasa kimebaki, mlango hakuna.
Nyumbani nikapanda ngazi na viatu mkononi.
Kidato chetu kinacholia ni cha nne.
"Nani?" Salha aliuliza kutoka gizani.

Sikumjibu upesi.
Nilisimama nikamhesabia, moja, mbili,
nikamsikia akikaa kitandani,
nikamsikia akiacha kupumua.

Nikasema, "Umekula?"