Swali la Nne

Swali la nne nimelitunga mwenyewe, kwa haraka,
kengele ikilia: Eleza matukio makuu
yaliyogeuza mkondo wa Vita vya Kwanza vya Dunia.
Alama kumi. Majibu ninayo: Mto Marne. Verdun.
Nyambizi kuzamisha meli. Urusi kumpindua mfalme wake.
Wamarekani kuvuka bahari.
Alama mbili mbili, mwaka ukiwa sahihi.

Karatasi arobaini na moja zimenijibu hivyo.
Mmoja kaandika Vedani. Nimempa.

Ya arobaini na mbili ni ya Nyanzala Kisesa wa Ng'ambo,
yule wa dirishani, asiyenyoosha mkono.
Ana tukio moja tu:

“Vita viligeuka hapa Tabora, sokoni, siku ya Jumanne,
wakati wa kupima karanga.”

Nimeiweka chini kalamu nyekundu.

Babu wa babu yake, anasema, aliitwa Kapembe,
fundi wa karakana ya reli, mtu wa spana na grisi.
Meli za Ulaya zilipoacha kuja, fedha ikakauka mjini,
Wadachi wakamwambia: kuanzia leo utafua hela.
Wakaleta maganda ya mizinga,
shaba iliyokwisha kuua kazi yake ya kwanza,
ikayeyuka, ikalala bapa, ikakatwa duara.
Juu taji. Chini ya taji, T, ya Tabora.
Jioni vidole vyake vilinuka shaba,
ugali ukanuka shaba,
mtoto akakataa kubebwa.

Akalipwa hela zile zile alizozifua.

Mdogo wake, Mihambo, alichukuliwa upagazi.
(Hapo Nyanzala ameandika mstari mmoja na nusu,
kisha akaufuta ule nusu.)

Mwezi ule treni za Kigoma
zilianza kurudi kabla ya kufika.

Basi Jumanne hiyo mkewe, Kalunde, akaenda sokoni
na hela nne zimefungwa pembeni mwa kanga.
Bi Sikujua muuza karanga alikwisha kujaza kibaba.
Akaipokea moja. Akainusa. Akaigonga juu ya jiwe,
akainamisha sikio kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.
Kisha akazimwaga karanga, taratibu,
zikarudi guniani.

“Hii ni hela ya serikali,” Kalunde akasema.

“Serikali ipi? Hiyo inayofunga mizigo?”

Hakupaza sauti. Lakini muuza chumvi alisikia.
Muuza asali akaziba kibuyu chake.
Hadi alasiri, soko zima,
hakuna mkono uliofunguka kwa taji lile,
na huko karakana, mashine, ambayo hakuna aliyeiambia,
iliendelea kupiga: ta, ta, ta,
Kapembe akiilisha.

Wiki mbili baadaye bomani palipepea bendera nyingine.
“Lakini hiyo,” ameandika Nyanzala, “ilikuwa taarifa tu.”

“Ushahidi: tunayo hela moja nyumbani.
Imetobolewa. Bibi alimvalisha kila mtoto aliyechelewa kutembea.
Mimi pia niliivaa.”

Mwongozo wa kusahihisha unasema sifuri.
Umeme umekatika, nasahihisha kwa tochi ya simu,
na naisikia sauti yangu ikimwita mume wangu chumbani:
kesho hakuna mkate, una hela?

Ninayo kidogo, anajibu.

Nimekaa na hilo neno mdomoni.
Wenye taji walikwenda, waliowafukuza wakaenda,
na waliokuja baada yao.
Neno limebaki, linapokewa kila duka,
hata na wajukuu wa Bi Sikujua.

Alama sijaandika.
Kando, kwa wino mwekundu, nimeandika:
Jumanne ya tarehe ngapi?
Na Mihambo je, alirudi?