Asilimia Thelathini

Ofisi iko ghorofani, Kasese, juu ya duka la mabati.
Vidato ishirini na sita. Nilivihesabu,
maana kila kimoja nilikipumzikia.

Daktari alikuwa mpole. Akauliza: Umefikaje?
Nikasema: Kwa ngazi.
Akaandika.

Akadondosha kalamu, niiokote. Nikaiokota.
Akaandika.
Kazi yako ya zamani? Kinu cha pamba, miaka kumi na mmoja,
hadi mkanda uliponivuta mkono, na nyonga ikafuata.
Kuketi unaweza? Naketi.
Basi kuuza nyanya unaweza. Na tenga, nani atalibeba toka barabarani?
Hilo halikuwa na kisanduku kwenye fomu.

Hakuniuliza habari za usiku,
vidole nisivyo navyo vinavyoniwasha,
wala kwamba Kabugho, mwanangu, ndiye anifungaye kitambaa kichwani
kila asubuhi, naye shule inamwacha.
Kitambaa hicho hicho alichokisifu.

Asilimia thelathini, akasema.
Fungu la serikali huanzia arobaini.
Nikauliza, kwa heshima, si kwa utani:
hizo kumi zilizopungua nikazitafute wapi?
Nirudi kinuni, nikamalizie?

Alicheka kidogo, kisha akaacha.
Muhuri ukagonga, ta.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda;
sisi wa milimani tunajua, magoti yetu yanajua.
Chini, Kabugho alikuwa akiningoja na sare yake.
Akauliza: Mama, umefaulu?

Nikasimama pale, mkono mmoja ukutani,
nisijue jibu lipi ndilo zuri.