Risiti Namba 417

Ndani ya mkebe wa Kimbo, chini ya vifungo na sindano,
nimeikuta, rangi ya chai iliyomwagika,
muhuri wa zambarau umefifia pembeni:
Kampuni ya Jembe Moja, Nakuru.
Shilingi mia tano tu.
Mwaka wa pili wa bendera.

Nchi ilikuwa changa, na meno ya maziwa,
na tayari ilikuwa inanunua nchi.
Si kisiwa, si pori la jirani, si ng'ambo:
ilinunua mgongo wake yenyewe,
kutoka Subukia hadi kwenye mawe ya Solai,
ekari kwa ekari, kwa bei ya aliyeuchuna.

Pauni zilikopwa London,
zikalipwa Bwana Hadsoni, zikarudi London
bila kukanyaga tope letu hata kwa kidole.
Kilichoshuka hapa ni deni.
Likastawi. Halikuhitaji mbolea.

Nyanyangu Wacuka aliuza ng'ombe, yule wa pembe moja,
akauza pareto ya msimu mzima,
akazifunga noti kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo,
akashika njia ya mjini kabla jogoo hajawika.
Karani akamuuliza jina. Akalitaja.
Karani akamuuliza jina la mume.
Hilo ndilo lililoandikwa.

Siku ya kura, vikaratasi vilitiwa ndani ya kofia
aliyoisahau mzungu msumarini.
Watu mia mbili na kumi na wawili
walichovya mkono katika jasho la kichwa chake.
Babu akatoa themanini na nane:
korongo, mawe, mgunga mmoja, kichuguu.
Nyanya alicheka hadi akakaa chini.
Kisha akauzunguka mpaka, peku,
akihesabu nyayo kwa sauti
kama mtu anayehakikisha chenji yake.

Langoni, siku hiyohiyo, Lotukoi alikuwa akifunga mzigo.
Miaka thelathini amewakamua ng'ombe wa Hadsoni,
anawajua kwa majina,
anajua chemchemi hujificha wapi Januari.
Hakuwa na shilingi mia tano.
Nyanya alimpa debe la mahindi. Akapokea.
Hakusema asante, wala nyanya hakuingoja.
Haya alinisimulia mara moja tu,
akipepeta maharagwe, amenipa kisogo.

Leo tuko kumi na saba juu ya themanini na nane.
Ardhi haizai; sisi twazaa.
Mjomba Gacheru anapima kwa kamba ya katani,
binamu anapima kwa simu,
na jiwe la mpaka, ambalo halina miguu,
kila masika tunalikuta limetembea.

Nimeileta risiti ofisi ya ardhi, dirisha la tatu.
Foleni tangu saa mbili.
Kijana ameigeuza, ameiinua kwenye mwanga
kama noti anayoishuku.
"Hati yenyewe iko wapi?"
Kampuni ilikufa, nasema, mwenyekiti akanenepa.
Hacheki. Anavuta fomu.
Anatazama cheti cha kifo cha babu, kitambulisho changu,
anaandika polepole: *Aliyenunua* —
na kalamu inasimama juu ya mstari.

Wacuka, nasema.
"Huyo hayumo humu."
Najua, namwambia.
Andika.