Nakala Sita

Picha ilikuwa moja, nasi watoto watano.
Baba alipigwa hapahapa Newala, mwaka alipouza korosho
akalipwa zote kwa mkupuo, akanunua saa.
(Saa ile pale, mkononi. Ilisimama kabla yake.)
Nyuma, pazia lililochorwa ghorofa na mnazi,
mnazi wenye nazi nyekundu; sijui mchoraji aliwaza nini.

Chinduli, kitinda mimba wetu, akasema:
nitumieni kwenye simu, yatosha.
Nikamjibu: simu yako imetumbukia chooni mara mbili.
Baba hafi kifo hicho.

Nikaipeleka steshenari, nimeilaza ndani ya daftari la vikoba.
Kijana akaifunika mashineni, mwanga ukapita chini yake
kama mtu anayetafuta sindano kwa tochi.
Wino wa njano ulikuwa umekwisha.
Baba akatoka wa buluu, kama aliyemeza barafu,
yeye aliyekuwa mweusi wa kung'aa, kiini cha mpingo.

"Na huu mkono, dada? Niufute?"

Nilisahau kwamba watu wengine wanauona.
Vidole vitatu begani mwa baba, upande wa kushoto,
kisha ukingo wa mkasi.
Mama aliikata kabla sijajua kusoma.
Hatukuuliza. Kwetu yako maswali
kama shimo la choo cha zamani:
unajua lilipo, unazunguka.

"Uache," nikasema. "Toa nakala sita."
Sita. Ulimi ulihesabu peke yake.

Ilikuwa Julai, ukungu haukuondoka mpaka saa nne.
Nilichemsha majani ya chai hadi yakawa machungu,
nikazipaka kwa pamba: paji, shavu, kola ya shati.
Wino ukataka kukimbia, nikaupuliza kama kidonda cha mtoto,
mpaka buluu ikakubali kuwa kahawia.
Moja ikachanika sikioni.
Hiyo nikajiwekea mimi.

Mbao nilizitoa kitandani mwake,
chaga za mninga ambazo mchwa walizionea haya.
Fundi Namtumba alizikata ukubwa wa kiganja.
Hakutaka hela, alitaka ming'oko.
Nikampelekea sufuria nzima, akala amesimama,
akisema marehemu alikuwa na deni lake la msumeno,
basi limekwisha.

Gundi ni utomvu wa mkorosho,
ule unaoning'inia kwenye gome kama kamasi la mtoto, rangi ya asali.
Niliuloweka usiku kucha, nikauchuja kwa kipande cha chandarua.

Mama akanikuta nimezipanga kwenye ungo.
Akazihesabu kwa macho.
Akazihesabu tena.
Akaingia ndani, nikasikia sanduku likifunguka,
akarudi na kanga iliyopauka, na mkasi.
Sikuthubutu kuuliza kama mkasi ni uleule.

"Nyuma ya ubao panahitaji nguo," akasema,
akaketi, akanyoosha miguu, akaikata kanga palepale kwenye jina:
NILIYOYAONA NAYAJUA MWENYEWE.
Hakufuata maneno, alifuata upana wa mbao.
Esha akapata NILI. Mahupa akapata YOYA.
Mimi wa sikio lililochanika nikapata ONA.
Chinduli, NAYA, naye amenung'unika hadi leo
kwamba haina maana yoyote.
JUA imekwenda Masasi kwa kaka,
ameitundika juu ya redio.

Kipande cha mwisho mama alikikunja, akakikunjua.
"Hiki kitie kwa yule wa sita."
Akajikung'uta nyuzi, akaenda kutazama maji jikoni.

Nyuma ya tano nimeandika majina kwa kalamu ya risasi.
Nyuma ya ile moja lipo neno lenyewe tu, MWENYEWE,
na gundi yake haijakauka, kwa ukungu huu.
Kila asubuhi naitoa nje, naigeuza kama mkate,
vidole vitatu juu, vidole vitatu chini.