Namba Kumi na Saba

Mistari ya badmintoni ni kazi ya mkono wangu.
Rangi ya njano, masalio ya ile waliyochorea maegesho,
uzi wa kupimia, magoti mawili mabovu, Jumanne nzima.
Nilipofika upande wa madirisha ya kaskazini
brashi ikaanza kuzama kwenye matundu:
manne, kisha manne, kisha manne,
pale skrubu za mabenchi zilipong'olewa.
Nikahesabu kutoka mlangoni. Sikuhitaji kuambiwa.
Namba kumi na saba. Benchi la kwetu.

Babu Jago Hendra alililipia shilingi mbili kila robo mwaka,
mgongo umepindwa na machimbo ya bati,
akiimba kana kwamba bado yumo shimoni
na anataka walio juu wamsikie.
Hapa ndipo alipoapa, akatia sahihi mbele ya watu:
tone la pombe halitapita kooni.
Bibi akakikunja kile cheti, akakificha kwenye kopo la chai,
maana karatasi ni karatasi,
naye alimjua mwanamume aliyemuoa.

Kinanda kilinunuliwa na watu wa Uholanzi.
Mimbari ilikatwa, ikawa kaunta ya jikoni;
ukiegemea kungoja keki unausikia ukingo wake,
umelainishwa na viganja vya wahubiri.
Ubao wa namba za tenzi hatukuugusa.
Ijumaa unabeba namba za bahati nasibu,
na Bi Kerensa Uglow, miaka themanini na minne,
kila ikipandishwa arobaini na sita
hufungua kinywa,
kisha hukifunga, akatia alama kwenye kadi yake.

Mwezi uliopita tulipiga kura kuhusu bia.
Wanne ndiyo, wanne hapana.
Mwenyekiti akanitazama: wewe, mwenye ufunguo.
Mvua ya Nanskerris haijui kunyesha wima,
ilikuwa inalipiga jengo ubavuni.
Nilitaka kusema jambo zito, jambo la kaburi na kiapo.
Nikasema: vigae arobaini vimepasuka.
Nikasema: bia italipa vigae.
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu aliinuka
akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Jana jioni vijana walikuwa wakicheza.
Binti wa akina Trudgian, yule wa mkono wa kushoto,
alipiga, kipira cha manyoya kikapaa hadi usawa wa roshani,
kikasita kwenye mwanga kama mtoto aliyesahau alilotumwa,
kikateremka taratibu
juu ya yale matundu manne.

Nje! wakapaza upande mmoja.
Ndani! wakapaza wa pili.
Wakanigeukia mimi, mchora mistari.

Nikainama, mkono kiunoni.
Unyoya mmoja ulikuwa umegusa njano.
Uliobaki wote ulikuwa umekaa
kumi na saba.

Rudieni, nikasema.