Koti la Nguzo

Ndoo moja. Lita ishirini,
ile iliyowahi kuwa ya rangi, kishikio chake waya.
Zege lilikuwa zito, jioni imeshaingia,
winchi ikilia kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani,
na Ndelilio kule juu akipiga mluzi:
leteni, leteni, boksi linasubiri!
Nikamwaga. Zege likalainika, likateremka
kama uji wa mgonjwa.
Sote tukalisifu.

Mchemraba hausifu mtu.
Siku ya ishirini na nane, maabara,
uliwekwa kati ya meno ya mashine,
na mwenzake, na mwenzake,
ikapasuka yote kabla ya namba inayotakiwa.
Karatasi ikarudi Kaloleni na mhuri wa buluu.
Wakati huo tulishapanda ghorofa mbili
juu ya ndoo yangu.

Mhandisi Aikande hakupiga kelele.
Aliigonga nguzo kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi kwa mtu aliyelala.
Hatuibomoi, akasema. Tunaivika koti.
Kisha akauliza nani alikuwa kwenye mikisa.
Ndelilio akautazama Mlima Meru,
na Meru haukuwepo: Julai ya Arusha, umejifunika gubigubi.
Mimi nikainama kufunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa buti za mpira.

Tukaanza na jeki, kumi na mbili, za chuma,
bega kwa bega chini ya bimu,
maana humkandi mtu mgongo
akiwa bado amebeba gunia.
Nikapewa tindo na nyundo.
Siku tatu nikaichubua ngozi niliyoimwaga mwenyewe
mpaka kokoto zikatoa vichwa.
Zege jipya halishiki palipo laini,
linataka makovu ya kung'ang'ania.
Brashi ya waya. Hewa ya bomba. Vumbi.
Chai ya saa nne ikawa na ladha ya nguzo.

Tukatoboa, tukapuliza matundu,
gundi ikatangulia, nondo ikafuata ikizungushwa polepole,
na mtu asiiguse mpaka kesho.
Kisha nondo za kusimama, pembe nne na katikati,
kisha ringi,
ringi,
ringi,
sentimita kumi kwa kumi,
ndoano zake zimekunjwa ndani
kama vidole vya mtoto usingizini.

Asubuhi ya kumwaga, baridi ilikuwa ya kung'ata masikio.
Nilikuwa na shati moja.
Nguzo ilipata koti kabla yangu.
Aikande akanipanga kwenye mikisa. Mimi.
Hakueleza.
Ndoo ileile miguuni pangu, imejaa mpaka ukingoni,
inatikisika kidogo kila ngoma ikizunguka.
Mluzi ukaja kutoka juu. Ukaja tena.
Nikaiacha mashine imalize dakika zake.
Likatoka zito, la kubishana na koleo;
vaibreta ikalishawishi, likashuka likinung'unika,
likajaza kila kona.

Tulipofungua boksi tukaizungushia magunia,
na siku kumi na nne nilikuwa wa kwanza kufika,
kabla hata ya mama wa chapati,
nikiyalowesha kwa ndoo hiyo hiyo.
Maji yaleyale, ila safari hii kwa nje,
na kwa saa yake.

Siku ya tisa Aikande alipita na kofia yake nyeupe.
Akaitazama ndoo. Akanitazama.
Ndiyo hiyo? akauliza.
Ndiyo hiyo, nikajibu.
Akapanda ngazi kwenda kukagua ghorofa ya sita.

Sasa imepigwa plasta, rangi ya maziwa,
na fundi wa vigae bado ananuna:
nguzo gani hii, imenenepa kuliko dada zake,
kila kigae chake hapa
lazima kikatwe.